Ngisi wa Vilindini (3): Mkataba wa Gesi Usiwasahau

Kila mazungumzo ya mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, yanaporudi magazetini, tunahesabu futi za ujazo, ajira na fidia. Ni haki yetu. Lakini ipo mali nyingine, picha za vilindini, inayopatikana katika kazi hiyo hiyo bila kuandikwa kwenye hesabu yoyote, na ndiyo inayotufikisha leo kwenye jenasi ya ngisi iitwayo Magnapinna. Ngisi huyu ana mapezi mapana mno, na mikono yake hutoka ubavuni, hukunjika ghafla penye mfano wa kiwiko, kisha huning'inia kama nyuzi. Aliyekadiriwa kuwa mrefu kuliko wote alifika mita 7 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo ni nyuzi hizo.

Historia yake inafundisha subira. Meli ya Kifaransa Talisman ilimnasa mmoja mchanga katika Atlantiki mwaka 1883. Wanasayansi Fischer na Joubin wakamweleza mwanzoni mwa karne ya 20, naye leo anaitwa Magnapinna talismani. Jenasi yenyewe haikuundwa hadi 1998, wanasayansi Vecchione na Young walipomtambulisha M. pacifica. Mwaka 2006 wakamwongeza M. atlantica. Spishi hizo tatu zilielezwa kutokana na wachanga au vipande vilivyoharibika. Wakubwa wameonekana kwa kamera tu: nyambizi Nautile ilimpiga picha mmoja mwaka 1988 karibu na Brazil, kwenye kina cha mita 4,735, na Shinkai 6500 ya Japani ikamkuta mwingine Novemba 1998 kusini mwa Mauritius, mita 2,340, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu. Hadi sasa hao wa kwenye picha hawajaunganishwa kwa uhakika na spishi yoyote kati ya hizo tatu.

Hapo ndipo gesi inapoingia. Novemba 2007 roboti ya kampuni ya Shell, ikifanya kazi kwenye eneo la uchimbaji wa mafuta na gesi la Perdido katika Ghuba ya Meksiko, ilimrekodi Magnapinna kwenye mita 2,386, na umma ukaona picha hizo mwaka uliofuata. Hifadhi ya gesi ya Zafarani, iliyogunduliwa mwaka 2012 mbele ya pwani yetu, iko kwenye kina kinachokaribia hicho. Atasema mtu kwamba hilo si ushahidi kuwa ngisi huyu yuko kwetu. Kweli, lakini bila kuzitazama picha hatutajua kama yuko au hayuko. Mwingine atadai kamera ni za aliyezilipia. Mbona Sheria ya Petroli ya 2015 inazihesabu taarifa za utafutaji kuwa mali ya Serikali? Kama taarifa za mwamba ni zetu, haieleweki kwa nini picha za kiumbe aliyepita juu ya mwamba huo ziwe za mwingine. Na mkulima wa Matambarale, mwenye ufuta na korosho zake, akiuliza yanamhusu nini, akumbuke mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi, iliyobebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na hadi leo iko huko. Aliyekwisha kupoteza hivyo hapaswi kungoja kuelimishwa tena. Mkataba uandike kwamba nakala ya kila picha ya vilindini ikabidhiwe Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.