MBWA WAKO MZEE: AHASIWE AU AACHWE?

Mkulima wa Chole, wilayani Kisarawe, anamjua adui wa muhogo. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha miezi mingi hupotea. Mbwa mlinzi ni mali. Je, akizeeka na kuanza kuugua, umhasi?

Kuhasi si jambo geni. Tunahasi ng'ombe na mbuzi. Mbwa dume hutolewa korodani. Jike hutolewa mji wa mimba na vifuko vya mayai.

Mtazame dume wako. Korodani moja ikivimba au ikiwa ngumu, huenda ana uvimbe mbaya. Akijikamua sana wakati wa haja kubwa, huenda tezi iliyo karibu na kibofu imekua. Dume akihasiwa, tezi hiyo hunywea.

Mtazame jike pia. Wiki chache baada ya kuwa kwenye joto, je, anakunywa maji mengi kupita kawaida? Anakataa chakula? Tumbo limevimba, au anatoa usaha? Usingoje. Huenda mji wa mimba umejaa usaha. Usaha usipotoka nje, hatari ni kubwa zaidi. Akicheleweshwa atakufa.

Uvimbe unaotoa damu kwenye uume au uke ni jambo jingine. Mbwa huambukizana kansa hiyo wanapopandana. Hutibiwa kwa sindano za dawa. Kuhasi peke yake hakuiponyi.

Uzee si ugonjwa. Lakini moyo au figo zikiwa mbovu, dawa ya usingizi inaweza kumdhuru mbwa. Kwa hiyo apimwe kwanza. Mbwa mzee asiye na dalili yoyote hana haraka ya kuhasiwa. Mwenye dalili asicheleweshwe.

Usimpasue nyumbani kwa wembe. Usimfunge korodani kwa kamba. Huo ni ukatili, na kidonda kitaoza. Mwone Bwana Mifugo, akuelekeze kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Uliza gharama mapema.

Baada ya upasuaji, mweke mbwa mahali pakavu siku 10 hadi 14. Asikimbie, wala asilambe kidonda. Akipona ataendelea kulinda shamba. Usimlishe kupita kiasi, maana hunenepa upesi.

Kumbuka: kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa. Kinga yake ni chanjo. Mbwa wako achanjwe, mzee au kijana.