Baridi Yetu Ni ya Mwezi wa Sita

Katika vitabu vingi vya Kifaransa tunavyofundishia kuna ukurasa wa misimu minne. Kwa neno "hiver" wamechora nyumba iliyofunikwa na theluji, mtoto amevaa kofia ya sufu, na chini yake wameandika mwezi wa kumi na mbili. Wakati huo hapa Likasi tuko katikati ya mvua, barabara ni matope, na watoto wanabeba viatu mkononi ili visiharibike. Kisha unafika mwezi wa sita, mtoto anatetemeka kwenye benchi hata kalamu haikamatiki, na kitabu kinamwambia kwamba watu wote wako baharini wanaoga. Mwaka jana mtoto mmoja wa kalasi ya nne alituuliza: "Mwalimu, kitabu kinasema uongo?"

Hakisemi uongo, kinasema ya kwao. Lakini jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli hata sisi walimu halikututosha. Tukaamua baridi ya kwetu iwe somo, tena bila kununua kitu.

Tulianza na fimbo. Tuliisimamisha wima katikati ya kiwanja, metre moja juu ya udongo. Tarehe 21 ya mwezi wa sita, saa sita na robo mchana, jua likiwa juu kabisa, kivuli kililala upande wa kusini, karibu sentimetre 68. Tulirudia kabla ya kufunga kwa Noeli: kivuli kilikuwa kifupi, kama sentimetre 22 tu, na kimegeuka upande wa kaskazini! Watoto walisema kuna mtu amechezea fimbo. Hapo tulichukua chungwa, tukalitoboa kwa kijiti, tukalizungusha pole pole mbele ya taa, kijiti kikiwa kimeinama. Dunia imeinama hivyo. Mwezi wa sita upande wa Ulaya ndio unaoelekea jua, na sisi, tulio karibu digrii 11 kusini ya ikweta, tunapata jua la pembeni. Tena mji wetu uko juu, metre 1.300 hivi, na usiku wa kiangazi hauna mawingu. Mama anayejua kupika ameshaelewa: sufuria isiyo na kifuniko inapoa upesi. Ndiyo sababu asubuhi kipimajoto chetu kilionyesha digrii 9, na saa saba mchana watoto wale wale walikuwa wanavua triko.

Theluji nayo waliitaka. Mama mmoja anayeuza maji ya baridi karibu na masomo alitukwangulia barafu nyeupe ya friji yake, ndoo nzima. Iliyeyuka mbele ya dakika ishirini, na kelele zilizopigwa siku ile hatutazisahau. Walishangaa zaidi kusikia kwamba theluji iko hata Kongo, kwenye mlima Rwenzori mpakani na Uganda, wenye kilele cha metre 5.109, karibu kabisa na ikweta. Mtoto yule wa kitabu akasema: "Basi wangechora wetu."

Kazi ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Tuliwasha mshumaa, tukaufunika kwa glasi. Moto ukapungua, ukafa. Tukaeleza kwamba moto unakula hewa ile ile tunayopumua. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Kwetu mbabula inalala ndani, na sisi pia."

Kalasi ilicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu siku tatu nyuma yake tulikuwa tumemgombeza binti huyo. Kila asubuhi alisema kichwa kinamuuma, na tulifikiri anakimbia dikte.

Mchana tulienda kumwona mama yake. Hakuwa mama mzembe. Alituambia: "Mwalimu, nikiitoa inje makala yataibiwa, na mtoto mdogo atakohoa usiku kucha." Ni neno la kweli, gunia la makala si bei ndogo. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Wengi wanaamini kwamba makala yakiisha kuwa mekundu bila moshi hayana hatari tena. Sivyo, gesi inaendelea kutoka. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, na mara nyingi inawakamata watu wa nyumba nzima pamoja, kisha wakitoka inje wanapata nafuu. Anayelala anaweza asiamke. Ukiona dalili hizo, fungua milango, toa watu wote inje, na uwapeleke kituo cha afya hata kama wanasema wamepona.

Tulikaa na mama huyo kutafuta njia. Jioni nyumba ipate joto, mlango na dirisha vikiwa wazi, na mbabula itoke mbele ya watu kulala. Makala yaliyobaki ayatie katika kopo la chuma lenye kifuniko, akiwa inje. Yanazimika yenyewe, na asubuhi anayawasha tena, hakuna wa kuyaiba. Chini ya mkeka aweke makartoni, kwa sababu baridi nyingi inatoka kwenye simenti. Chupa ya maji ya moto, imefungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, inakaa miguuni mwa watoto. Juma lililofuata binti aliandika dikte yake. Makosa kumi na moja, lakini aliandika.

Watoto wa kalasi ya sita wako karibu na mtihani wao wa taifa, na asubuhi hizi ni kali. Katika kalasi zetu tunakubali triko ya rangi yoyote juu ya sare. Vikundi vinavyofuma, mabaki yenu ya uzi yanatosha kwa soksi. Mlete siku ya mkutano.

Fimbo tutaisimamisha tena tarehe 21, saa sita na robo. Mama anayetaka kuona aje, kalasi ya nne itakuwa inje. Na mnamo tarehe 21 ya mwezi wa kumi, jua litakapopita juu ya vichwa vyetu, tutawaita tena: siku hiyo fimbo haitakuwa na kivuli.