Filta kubwa ya oili: Kuingia si kufaa

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa magari jijini Dar es Salaam wamewahi kukumbana na hali hii. Muda wa kumwaga oili umefika, filta ya saizi ya gari haipatikani, na muuzaji wa vipuri Kariakoo au Ilala anatoa nyingine iliyo ndefu au nene zaidi, akimhakikishia mteja kwamba itaingia, tena ni bora kwa kuwa ni kubwa.

Je, maelezo hayo ni ya kweli? Jibu ni kwamba yapo mazingira ambayo filta kubwa hufaa kabisa, na yapo mengine ambayo huua injini. Kinachotofautisha hali hizo mbili si ukubwa wa kopo, bali namna linavyokaa kwenye injini na kilichomo ndani yake.

Kazi ya filta ni kunasa chembe za chuma, masizi na vumbi kabla oili haijafika kwenye vyuma vinavyosuguana. Oili hiyo husukumwa na pampu kwa shinikizo ambalo, gari likiwa katika mwendo, mara nyingi huwa kati ya paundi 30 na 60 kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo filta huchuja oili, na wakati huohuo hustahimili nguvu inayotaka kuing'oa.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni meno ya tundu la filta, ambayo mafundi huyaita thredi. Injini nyingi za petroli za Toyota hutumia kipimo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, wakati Honda hutumia milimita 20. Tofauti hiyo haifiki milimita moja. Filta ya milimita 20 inaweza kuzungushwa kwenye injini ya Toyota na kuonekana imekaza, kumbe meno yameshikana kwa ncha tu. Asubuhi, oili ikiwa bado nzito na shinikizo likipanda ghafla, filta hiyo inaweza kuchomoka.

Pili ni ringi ya mpira. Ni lazima ikae yote juu ya uso laini wa chuma uliotengenezwa kwa ajili yake. Ikipita ukingo wa uso huo, oili itavuja. Aidha, kadiri ringi inavyokuwa pana ndivyo nguvu inayosukuma filta inavyoongezeka. Kwa shinikizo la paundi 60, ringi yenye upana wa milimita 60 hubeba nguvu ya zaidi ya kilo 110. Ikiwa na milimita 75, nguvu hiyo huvuka kilo 180, ilhali inashikiliwa na meno yaleyale.

Tatu ni valvu zilizomo ndani. Ipo inayofunguka pale karatasi inapoziba au oili inapokuwa nzito, ili injini isikose oili, ingawa itakayopita haitakuwa imechujwa. Valvu hiyo hutengenezwa kufunguka kwa kiwango fulani cha shinikizo, na kiwango hicho hutofautiana kati ya filta moja na nyingine. Ipo pia ya mpira inayozuia oili isirudi kwenye sampu injini inapozimwa. Filta iliyolala ubavu au kuelekea juu ikikosa valvu hiyo, kila asubuhi injini itawaka ikiwa kavu kwa muda mfupi, na hapo ndipo mgongano wa vyuma husikika.

Nne ni nafasi. Filta ndefu inaweza kugusa bomba la moshi, au kuning'inia chini kuliko sehemu nyingine za injini. Kwa gari linalopita barabara za vumbi na matuta, jiwe moja linatosha kulitoboa kopo na kumwaga oili yote njiani.

Iwapo masharti hayo yote yametimia, filta kubwa ina faida. Huwa na nafasi ya karatasi nyingi zaidi, hivyo huweza kubeba uchafu mwingi kabla ya kuziba. Hata hivyo, kopo kubwa si uthibitisho wa karatasi nyingi, kwani zipo zenye karatasi chache ndani ya umbo kubwa. Wala ukubwa hauongezi umri wa oili, ambayo huchakaa kwa joto na muda hata ikichujwa vizuri.

Vilevile, filta kubwa humeza oili zaidi. Injini ya 1NZ-FE, iliyofungwa katika magari kama Toyota IST, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta yake ya kawaida. Mwenye kufunga kubwa zaidi hana budi kuwasha injini, kuizima, kusubiri dakika chache, kisha kupima tena kwa kijiti na kuongeza kilichopungua.

Njia salama kwa mwenye gari ni kwenda dukani na namba ya filta iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, au na filta ya zamani mkononi. Filta mpya ifungwe kwa mkono baada ya kuhakikisha ringi ya zamani haikubaki kwenye injini. Mpira ukishagusa chuma, huongezwa takriban robo tatu ya mzunguko, isipokuwa kama kopo lina maelekezo tofauti.

Baada ya hapo injini iwashwe huku mtu mwingine akitazama chini ya gari. Taa nyekundu ya oili isipozimika katika sekunde chache, au tone likionekana, zima mara moja. Filta isiyofaa hurudishwa dukani, lakini injini iliyonoki huhitaji kufumuliwa yote.