Chimbuko la Msamiati Miongoni mwa Mashine

Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba uhusiano uliopo baina ya sauti za neno na maana yake ni wa nasibu. Hakuna chochote katika mti kinacholazimisha uitwe mti. Ikiwa ndivyo, hapana budi jamii iwe imekubaliana. Lakini itakubaliana vipi, hali lugha ya kufanyia makubaliano hayo bado haijapatikana?

Usemi wa binadamu wa kale haukuacha masalio ardhini, na kwa hiyo swali hili ni gumu kuchunguzwa. Luc Steels, mtaalamu wa Kibelgiji, aliona yafaa lifanyiwe majaribio. Mnamo 1999 yeye na wenzake walianzisha jaribio la Talking Heads, yaani Vichwa Visemavyo. Kila kichwa kilikuwa kamera yenye uwezo wa kugeuka, iliyoelekezwa kwenye ubao mweupe wenye maumbo ya rangi mbalimbali. Msemaji mwenyewe alikuwa wakala, yaani programu ya kompyuta inayojifunza bila kuongozwa. Wakala aliweza kusafiri kwa intaneti, kwa mfano baina ya Brussels na Paris, akaazima kamera ya huko na kukutana na wengine. Hakuna aliyepewa msamiati.

Mawakala walicheza mchezo wa kukisia. Msemaji alichagua umbo moja, akatafuta sifa inayolitenga na mengine, kisha akaitaja. Alipokosa neno, aliunda jipya kwa silabi za nasibu. Msikilizaji alikisia umbo lililokusudiwa; akikosea, alionyeshwa, naye akajifunza. Neno lililofanikiwa lilipata nguvu, na washindani wake wakadhoofishwa. Kwa njia hiyo msamiati wa pamoja ulijengeka pasipo mwalimu wala kamusi.

Hata hivyo, kuelewana hakumaanishi kuwa na maana moja. Ikiwa pembetatu nyekundu iko pia upande wa kushoto, mmoja aweza kulichukua neno kwa maana ya wekundu, na mwenziwe kwa maana ya kushoto. Wote wawili watafaulu, mpaka pembetatu nyekundu itokee kulia. Hapo ndipo tofauti iliyojificha hufichuka.

Kadhalika, lugha humtumikia yule aliyemo mchezoni. Mwaka 2017 watafiti wa Facebook walifunza programu kujadiliana juu ya kugawana vitabu, kofia na mipira. Zilipoachwa zifunzane zenyewe, Kiingereza chao kilipotoka, na baadhi ya magazeti yakatangaza hatari. Sababu ilikuwa nyepesi zaidi: programu zilituzwa kwa mapatano mazuri, wala si kwa kueleweka na watu.

Si haki kuyachukulia majaribio haya kuwa historia ya lugha ya binadamu. Mawakala wa Steels hawakuwa na shule, serikali wala tabaka la kuheshimiwa. Lakini yanamgusa kila anayeshughulikia istilahi za Kiswahili. Chombo hichohicho kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mwundaji wa istilahi hupendekeza. Neno huishi kwa kutumiwa, tena na tena, baina ya watu wanaohitaji kuelewana.