Mimea ya Kwetu: Jinsi Mwananchi Awezavyo Kuwasaidia Wataalamu

Watu wengi hudhani kwamba kuchunguza mimea ya nchi ni kazi ya mabwana wachache waliosoma sana, wenye vioo vya kukuzia vitu na vitabu vikubwa vya Kilatini. Ni kweli kwamba kupambanua aina moja na nyingine kwataka elimu ndefu. Lakini iko kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kujua kila mmea waota mahali gani, na kama mwaka hata mwaka waongezeka au wapungua. Kazi hiyo wataalamu hawawezi kuimaliza peke yao, kwa kuwa wao ni wachache na nchi ni pana.

Mwaka 1948 ilianzishwa kazi ya kuandika habari za mimea yote ya mwitu iotayo Kenya, Uganda na Tanganyika, katika mfululizo wa vitabu uitwao Flora of Tropical East Africa. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 2012, na jumla ya aina zilizoandikwa ni 12,104. Waliozaliwa ilipoanza walikuwa wazee ilipokwisha! Hata hivyo vitabu hivyo, pamoja na ubora wao wote, haviwezi kukuambia kama mti fulani ungali upo leo katika kijito kilicho nyuma ya nyumba yako. Ajuaye jambo hilo ni wewe upitaye hapo kila siku ukienda kuchota maji au kuchunga mbuzi.

Tutazame jinsi wenzetu wa Uingereza walivyofanya. Mwaka 1954 chama chao cha wapenda mimea kiliigawanya nchi kwa miraba, kila mraba ukiwa na upande wa kilomita 10. Kisha watu wa kujitolea wapatao 1,500, wengi wao wakiwa si wataalamu wa kazi hiyo, walipewa kadi zilizopigwa chapa majina ya mimea. Kila mmoja alitembea katika mraba wake, na kila alipoona mmea alipiga mstari juu ya jina lake. Hapakuwa na malipo. Kadi hizo zilikusanywa, zikahesabiwa kwa mashine, na mwaka 1962 kikatolewa kitabu cha ramani, ambamo kila nukta ilionyesha mraba ambapo mtu fulani aliuona mmea kwa macho yake.

Faida kubwa ya kazi hiyo ilionekana baadaye. Upimaji ulirudiwa, na matokeo ya mara ya tatu yalitangazwa mwaka 2023. Kwa kulinganisha nukta za zamani na mpya, ilijulikana kwamba zaidi ya nusu ya mimea ya asili ya kisiwa hicho imepungua tangu miaka ya 1950, na kwamba aina za mimea ya kigeni iotayo yenyewe huko sasa zimezidi zile za asili. Bila ya zile kadi za kwanza, mtu angeweza kusema tu kwamba zamani maua yalikuwa mengi, na mwingine angembishia.

Hapa Kenya twajua vema hasara ya kuchelewa kutambua. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mti wa mathenge, ambao asili yake ni Amerika, ulipandwa sehemu za Baringo ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Nia ilikuwa njema. Lakini mifugo walikula maganda yake matamu, wakaeneza mbegu kwa mavi yao, na maji ya mafuriko yakazichukua mbali. Malisho yakafunikwa na vichaka vya miiba, na meno ya mbuzi yakaoza kwa utamu wa yale maganda. Mwaka 2006 wenyeji walipeleka mashtaka yao mahakamani, wakamleta na mbuzi asiye na meno awe shahidi. Wachungaji waliuona mti huo ukitembea kutoka bonde hata bonde muda mrefu kabla ya mahakama kuambiwa. Mmea mgeni ukiwa katika mashamba mawili waweza kung'olewa kwa jembe. Ukishajaza wilaya, hata matrekta hushindwa. Kwa hiyo taarifa ya mwaka wa kwanza ina thamani kuliko ripoti nene ya mwaka wa ishirini.

Sasa, taarifa ifaayo ni ipi? Jina peke yake halitoshi. Mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, wenye gome kali kama pilipili, Wamaasai huuita osokonoi, na wataalamu huuita Warburgia ugandensis. Pengine tena jina moja hutumiwa kwa miti miwili isiyo na udugu. Basi andika jina la kwenu, lakini pamoja nalo andika siku, mwezi na mwaka, mahali penyewe hasa, jina la aliyeuona, na kama mmea umepandwa na mtu au umeota wenyewe. Hilo la mwisho husahauliwa sana.

Mwenye simu ya mkononi yenye kamera apige picha ya mmea mzima, ya jani pande zote mbili, ya ua au tunda, na ya gome. Iko programu iitwayo iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, ambayo hupokea picha hizo, na wajuao mimea wa nchi nyingi husaidia kutaja jina. Asiye na simu ya namna hiyo achukue tawi dogo lenye ua au tunda, alitandaze ndani ya kurasa za gazeti (hata hili, likisha kusomwa), aweke mbao na mawe mazito juu yake, na kubadili karatasi kila siku hata likauke. Aandike pia mambo yapoteayo katika kukauka, kama rangi ya ua, harufu, utomvu, na urefu wa mti.

Yako ya kuangalia. Ikiwa mmea ni mmoja tu mahali hapo, usiuchume. Ndani ya mbuga za taifa na misitu ya Serikali usichume kitu bila kibali, na katika kaya za Wamijikenda usiingie bila idhini ya wazee, ambao ndio walioitunza misitu hiyo tangu zamani. Tena usitangaze hovyo mahali palipo na mimea yenye bei, mathalani msandali, ambao uvunaji wake ulipigwa marufuku mwaka 2007 na bado wezi huufuata.

Mimea iliyokaushwa vizuri, yenye maandishi kamili, hupelekwa katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyo katika Makumbusho ya Nairobi. Hifadhi hiyo ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Huko kila tawi hubandikwa juu ya karatasi ngumu, na jina la aliyelileta huandikwa chini yake pamoja na jina la kijiji lilikotoka.