Msiba Usio na Matanga: Huzuni ya Kufiwa na Mbwa wa Nyumbani

Huzuni inayompata mtu aliyefiwa na mbwa aliyeishi naye miaka mingi ni huzuni kamili, yenye dalili zilezile zinazojulikana katika misiba ya watu, yaani kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula, kusahausahau na kububujikwa na machozi bila kutazamia. Kinachoitenga na misiba mingine ni upweke wake, kwa kuwa jamii za Afrika Mashariki, ambazo zimejaliwa taratibu nyingi na nzuri za maombolezo, hazikumwekea mfiwa wa namna hii mahali popote pa kuketi akaliwazwa. Upungufu huo unaweza kuzibwa bila kumpandisha mbwa daraja la binadamu na bila kuvunja mila wala dini ya mtu yeyote, kwa sababu anayestahili kuangaliwa hapa ni mfiwa aliye hai.

Ukubwa wa upungufu huo huonekana vizuri pale msiba wa mbwa unapowekwa kando ya matanga. Mtu akifariki, turubai hufungwa uani, viti hukodiwa, mikeka hutandikwa, majirani huleta unga, mchele na kuni, wanawake huingia jikoni bila kuitwa, na daftari la rambirambi hupitishwa mkono kwa mkono. Siku za matanga zikitimia huanuliwa, na kwa wengi arubaini hufuata, hivyo kwamba mfiwa hapewi nafasi ya kubaki peke yake katika siku zilizo ngumu kuliko zote. Wahenga waliposema kifo cha wengi harusi walikuwa wanaeleza jambo ambalo elimu ya nafsi imelithibitisha baadaye, kwamba uchungu unaoshuhudiwa na wengine hubebeka. Hata sheria imeingia katika utaratibu huu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Orodha hiyo ni ya haki, na hakuna anayedai mbwa aongezwe. Lakini inaonyesha kwamba kila jamii ina orodha yake, iliyoandikwa au isiyoandikwa, ya vifo vinavyompa mtu ruhusa ya kulia, na kwamba anayelilia kisichomo katika orodha hiyo hulazimika kulia chooni.

Mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka aliipa hali hiyo jina mwaka 1989, akaieleza kuwa huzuni isiyotambuliwa, yaani huzuni ambayo mtu anayo kwa hakika lakini hawezi kuitangaza wala kuililia pamoja na wengine, kwa sababu jamii haitambui uhusiano uliovunjika, au haioni kwamba kilichopotea ni hasara, au haimhesabu anayeomboleza kuwa mtu mwenye haki ya kuomboleza. Kifo cha mbwa kimekuwa mfano wa kawaida wa huzuni hiyo, na kauli zinazomfikia mfiwa zinafahamika mitaani: mbwa tu huyo, utapata mwingine, kwani ni mtoto wako? Wasemaji wengi wa kauli hizo hawana ubaya, na pengine wanadhani wanafariji, lakini matokeo yake ni kwamba mfiwa huongezewa aibu juu ya majonzi, akaanza kujiuliza kama akili yake iko sawa.

Katika mwambao wa Waswahili aibu hiyo ina sababu ya ziada ambayo inafaa itajwe kwa heshima. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu ya Maliki, kwa upande wake, yanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Tofauti hiyo ya mafakihi inahusu usafi wa ibada, wala haifuti huruma kwa mnyama. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyelala kizingitini mwa pango pamoja na vijana waliokimbilia humo kwa ajili ya imani yao, na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Muislamu anayefuga mbwa wa ulinzi au wa kuwinda, kwa hiyo, hana sababu ya kudhani kwamba kumhuzunikia ni kasoro ya dini.

Wapo pia wanaoamini kwamba kumlilia mbwa ni anasa ya kisasa iliyoletwa na watu wa mijini wenye nafasi, na dhana hiyo ina jibu lililotoka ardhini. Mwaka 1914, katika machimbo ya mawe ya Oberkassel karibu na Bonn nchini Ujerumani, wachimbaji walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke lililofunikwa kwa mawe ya basalti, mifupa ikiwa na rangi ya udongo mwekundu, na ndani yake mabaki ya mbwa. Umri wa kaburi hilo unakadiriwa kuwa miaka 14,000 hivi, kumaanisha kwamba waliozikwa humo waliishi kwa kuwinda, kabla ya kilimo kuanza. Mnamo 2018 Luc Janssens, daktari wa mifugo aliyegeukia akiolojia, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa meno ya mbwa huyo. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hujengeka siku hadi siku mnyama anapokua, na mwili ukilemewa na ugonjwa mkali ujenzi huo husimama, ukaacha mstari unaolikata jino kwa upana ambao haufutiki tena. Meno ya mbwa wa Oberkassel yalikuwa na alama za namna hiyo, zikionyesha kwamba alianza kuugua akiwa na umri wa wiki 19 hivi, akapata nafuu, akaugua tena na tena, kisha akafa akiwa na miezi 7 au karibu na hapo.

Ugonjwa uliopendekezwa na watafiti hao ni distempa, maradhi ya virusi yanayoanza kwa homa, kutapika na kuharisha, na yanayoweza kuishia kwenye mishipa ya fahamu na degedege. Mtoto wa mbwa aliyeshikwa nayo hawezi kujipatia maji wala kujisafisha, na kwa hesabu yao asingevuka hata wiki 3 za mwanzo kama pasingekuwa na mtu wa kumpa joto, kumnywesha na kumwondolea uchafu wake. Jambo linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba mnyama huyo hakuwa na faida yoyote ya kikazi, maana alikuwa mchanga mno na mgonjwa mno asiweze kuwinda wala kulinda, na bado aliuguzwa wiki hadi wiki na watu ambao chakula chao wenyewe hakikuwa cha uhakika. Distempa ndiyo ileile iliyoangamiza takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi walipoanza kuchanjwa kwa wingi, maelfu ya familia za wafugaji, bila ya wengi kulitambua hilo, ziliepushwa na msiba uliowafika watu wa Oberkassel.

Misri ya kale nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1935 George Reisner alipata huko Giza jiwe lenye maandishi yanayoeleza kwamba mfalme aliamuru mlinzi wake, mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw, azikwe kwa heshima, akapewa jeneza, kitani bora na ubani kutoka hazina. Na Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba Wamisri walionyoa nyusi paka wao anapokufa walinyoa mwili mzima na kichwa anapokufa mbwa.

Sababu ya uzito wa huzuni hii haiko mbali. Nadharia ya uambatano, iliyoasisiwa na John Bowlby wa Uingereza ili kueleza jinsi mtoto mchanga anavyojifunga kwa mlezi wake, inasema kwamba kiumbe hujenga usalama wake juu ya uwepo wa mwingine anayerudi kila mara, na mbwa hutimiza sharti hilo kwa namna ambayo watu wachache hulitimiza, kwa kuwa hulaki kila siku getini, hafichi furaha yake wala haweki kinyongo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda, kiwango cha oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Oksitosini ni homoni inayohusika na mapenzi ya mama kwa mtoto wake, na mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha mabadiliko hayo. Kwa kuongezea, mbwa huishi muda wa kutosha kumwona mtoto wa nyumba akitoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na kazi za kila siku za nyumba hujipanga kumzunguka: ugali wake na dagaa hutengwa kwenye sufuria kuukuu, mnyororo hufunguliwa usiku, na anayechelewa kurudi hujua atapokewa na nani. Akifa, kila kazi katika hizo hubaki na saa yake, na mfiwa hujikuta amebandika sufuria ambayo haina mlaji.

Zaidi ya hapo, msiba huu una jambo moja ambalo misiba ya watu kwa kawaida haina, nalo ni kwamba mara nyingi mfiwa mwenyewe ndiye aliyeamua siku ya kifo. Kifo cha huruma, yaani kumfisha kwa dawa mnyama aliyefikia maumivu yasiyo na tiba, hufanywa na daktari wa mifugo, ambaye hunyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akaingiza kanula, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa, mara nyingi akatanguliza dawa ya kutuliza, kisha akasukuma pentobabitali, dawa ya usingizi ambayo ikizidishwa sana huzima ubongo kwanza, halafu pumzi, halafu moyo. Mbwa hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Macho yake, hata hivyo, hubaki wazi, misuli inaweza kucheza, na huenda kifua kikainuka mara moja au mbili baada ya moyo kusimama. Mwenye mbwa ambaye hakuelezwa haya mapema hudhani kwamba mnyama alizinduka na kuteseka, akaondoka na picha hiyo kwa miaka. Daktari anayetumia dakika 2 kueleza kabla ya kuchoma sindano hutoa tiba kwa mtu pia, na ni haki kulidai hilo kwake.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki kifo huja kwa njia nyingine, kwa gari barabarani, kwa sumu iliyotegwa na wezi, au kwa kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa. Katika hali hii ya mwisho mfiwa hunyimwa hata nafasi ya kumgusa mnyama wake, kwa kuwa mate yake ni hatari, afisa mifugo lazima aarifiwe, na aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda anapaswa kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda kuchanjwa bila kukawia. Huzuni na hofu humwingia kwa pamoja, na mara nyingi hofu ndiyo inayoshughulikiwa peke yake.

Watoto huumizwa zaidi na uongo kuliko na kifo. Mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa kawaida bado hajafahamu kwamba kifo hakirudi nyuma, na akiambiwa kwamba mbwa wao Simba amelala, au Popi ametoroka, atamngoja getini, ataogopa kulala, au atajiona ndiye aliyemfukuza. Aelezwe kwa maneno yaliyo wazi kwamba mwili wa mbwa umeacha kufanya kazi na hatarudi, na ikiwezekana aachiwe atie udongo kaburini, maana huo ndio msiba wake wa kwanza na kwa huo atajifunza jinsi watu wa nyumba yake wanavyoagana.

Mbwa waliobaki nao huguswa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 nchini Italia, uliohoji watu 426 waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja wakampoteza mmoja, asilimia 86 walieleza kwamba mbwa aliyebaki alibadilika, akawa anacheza kidogo, analala zaidi, anakula kidogo au anamfuatafuata mwenyewe. Ni kweli kwamba maelezo hayo yalitolewa na watu waliokuwa na majonzi yao wenyewe, lakini hayafai kupuuzwa na anayemwona mbwa wake akisusa bakuli.

Swali linaloulizwa mapema mno ni la mbwa mpya, na ndugu wenye nia njema huweza kumleta ndani ya wiki moja akiwa ndani ya boksi. Halina jibu moja, isipokuwa katika jambo moja la kitabibu: kama aliyekufa alikuwa na parvo, maradhi ya kuharisha damu yanayoua watoto wa mbwa kwa wingi, virusi vyake vinaweza kudumu katika udongo wa uani kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu na vyombo vitasafishwa kwa maji yenye klorini, kibanda cha mbao kitachomwa moto, na mtoto wa mbwa hataletwa katika uwanja huo mpaka amalize chanjo zake zote, jambo linaloipa familia muda wa kuomboleza ambao hakuna jirani atakayeuhoji.