Asiyeona Naye ni Msomaji

Mama aliyezoea vitabu, macho yakimpotea, hupoteza mambo mawili: nuru, na uhuru wa kusoma wakati autakao. Kusomewa ni hisani njema. Lakini anayesoma ana shughuli zake, naye mama huona haya kumwambia arudie ukurasa.

Ndiyo sababu twapenda kuwajulisha jamaa habari za chombo cha kusikilizia vitabu vya sauti. Hutosha kiganjani, na vitufe vyake vimeinuka hata kidole chavitambua. Kwa vitabu vilivyopangwa kwa mfumo wa DAISY, msikilizaji huruka kutoka sura hadi sura, huweka alama, huongeza au hupunguza kasi ya sauti. Na chombo hukumbuka alipokomea.

Jambo hili si geni. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuwaazima wasioona vitabu vya santuri mwaka 1934. Kwetu, Kenya iliingia katika Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mkataba huo huziruhusu taasisi zilizoidhinishwa kuvigeuza vitabu vilivyochapishwa kuwa vya sauti kwa ajili ya wasioona pasi na kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala na nchi wanachama.

Basi tuulizie katika maktaba zetu. Chombo kikipatikana, tumfundishe mama vitufe vyake kwa subira, kisha tumwachie. Achague kitabu yeye mwenyewe, hata kile ambacho sisi tusingemsomea.